Nukta za Mkono wa Kushoto

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo shida ilipoingia kwetu ikaketi. Baba alikuwa mtu wa reli. Alikufa mwezi wa tatu, na kufikia wa tano nyumba ya kazi ilikuwa na watu wengine. Darasa la nne nililiacha katikati ya muhula, sijarudi mpaka leo, na sioni aibu kusema. Wako waliosoma mpaka wakavishwa kofia, na wamenikopa nauli.

Nilibeba mizigo, nikafagia, nikachota maji. Nilipofika miaka ishirini na mitatu nikapata kibarua cha kuosha vyombo kwenye maabara moja Eneo la Viwanda. Pale walitafuta dawa. Walichukua magome, mizizi, unga wa kemikali, chochote kile, wakatia tone moja moja kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo tisini na sita, kila kisima na vijidudu vyake. Kesho yake unaangalia. Kisima kikiwa safi kama maji, dawa imeua. Kikiwa na kitone cheupe chini, vijidudu vimeshinda. Kuangalia kulikuwa kazi ya waliosoma, lakini waliosoma huchoka macho upesi. Mimi sikuchoka. Wakanitoa kwenye karai wakaniketisha mezani.

Mke wangu nilimpata kwenye meza hiyo. Alikuja kibarua kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, siku za mvua anaingia viatu mkononi. Shule hakuiona kabisa. Lakini macho aliyokuwa nayo sijayaona kwa mtu mwingine. Kuna dawa ambazo huganda zenyewe zikazama, ukadhani ni vijidudu. Mimi zilinidanganya kila wiki. Yeye aliinamisha sahani kidogo kuelekea dirishani, akacheka.

"Huu ni mchanga wa dawa, si uji wa vijidudu. Wewe unaangalia kisima kama mtu anayeangalia saa akitaka kwenda nyumbani."

Kwa kuwa hakujua kuandika, tulijitengenezea utaratibu wetu. Akiona kisima safi, ambacho dawa imeua, aliweka nukta ya buluu kando yake kwa kalamu ya wino mzito. Mimi nilifuata nukta nikinakili kwenye daftari. Kisha sahani ilipigwa picha, na yenyewe ikachomwa moto. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo nukta yake ilikaa chini ya kisima, upande wa kushoto, siku zote. Wakubwa waliona daftari safi wakaridhika. Hawakuuliza na sisi hatukusema. Hivyo tulifanya kazi miaka ishirini na minane, na mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe mmoja.

Amefariki miaka sita sasa. Barua yake sina, maana hakuandika hata moja.

Mwaka jana maabara ikanipigia simu. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilimkuta daktari mmoja msichana, daktari wa kompyuta si wa sindano, akasimama kunisalimu akaniita baba. Alikuwa akifundisha mashine kusoma sahani. Wao wanaiita mtandao wa neva. Unaipa maelfu ya picha za zamani pamoja na majibu yake, inajifunza kidogo kidogo kama mtoto, halafu unaiachia sahani mpya iseme yenyewe ni dawa gani imeua. Picha zilikuwa zetu. Majibu yalikuwa ya daftari langu.

"Kwa picha zenu haikosei, baba," akasema. "Nikiipa sahani za juzi inakuwa kipofu. Inasema hakuna dawa hata moja inayofanya kazi, na mimi kwa macho yangu naona visima safi. Ijumaa lazima niionyeshe kwa wanaolipia kazi hii. Ikiwa hivi, wanafunga."

Akafungua picha nyingine, ile inayoonyesha mashine inatazama wapi inapotoa jibu. Panapotazamwa panawaka rangi nyekundu. Palipowaka hapakuwa ndani ya kisima. Palikuwa kando, chini, upande wa kushoto.

Nikaomba chai.

Niliinywa polepole. Nikisema, watajua mke wangu hakujua kuandika, na kitu pekee ambacho mkono wake uliacha duniani kitafutwa. Nikinyamaza, kazi ya huyu msichana inakufa kwa upuuzi. Lakini yule mwanamke hakuvumilia sahani isomwe vibaya. Angenisonya.

"Haiangalii kisima," nikamwambia. "Inamtafuta mke wangu."

Nikamweleza yote. Akashika kichwa.

"Kwa hiyo muda wote huu inakopi mtihani?"

"Inakopi. Na mimi pia nilikuwa nakopi kwake."

Alicheka, akaniona uso, akaacha. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Itabidi tuzifute, baba. Kwenye kila picha."

"Futa."

Siku tatu niliketi kando yake. Yeye alifunika nukta, mimi nilimwonyesha zile zilizofifia ambazo kompyuta haikuzishika. Nilijua pa kuangalia. Zilipoisha, mashine ikaanza kujifunza upya, na safari hii ilitazama ndani ya visima. Mwanzoni ilidanganywa na mchanga kama nilivyodanganywa mimi. Tukaipa picha za mchanga na za uji mpaka ikatofautisha. Ijumaa ilisoma sahani mpya mbele ya wageni, na kazi haikufungwa. Sahani ambazo sisi tungezikalia mwezi, yenyewe inazimaliza chai ikiwa bado moto. Sina kinyongo nayo. Ila haisemi kitu ikikuona umekosea, na mimi nilizoea kuambiwa.

Leo nina ploti moja Njiru, hati iko kabatini. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu. Tangi la maji. Kuku kumi na mmoja. Cherehani ambayo hakuna anayeitumia. Mkebe wa githeri, umebonyea. Na picha moja ukutani, daktari aliichapa kabla hatujaanza kufuta: sahani ya visima tisini na sita, vitatu safi, na kando ya kila kimoja, chini, upande wa kushoto, nukta ya buluu.