Maji ya Wajina

Nikiwa mtoto tulikuwa na dume la ng'ombe lisilo na jina. Jeusi, pembe moja imepinda. Baba alitukataza kulipatia jina mpaka atakayelipa jina alilishe chumvi kwa mkono wake, nalo lilikuwa na mateke mabaya, basi likafa linaitwa "lile" tu. Nyama yake ilikuwa ngumu, lakini hayo tuyaache.

Nimelikumbuka kwa sababu ukoo wetu uko hivyo hata kwa watu. Mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mwenyewe lazima aje, avute funda la maji, ampulizie mtoto kichwani, aseme, "Libebe." Bila hayo jina umeazima. Mimi nilipewa jina la rafiki wa baba, mchimba barabara, aliyekimbia kwenye mvua kumwita mkunga siku nazaliwa. Kabla hajanipulizia, kambi yao ikahamia mbele, naye akaenda nayo.

Nikaishi na jina la kuazima, wala halikunizuia kitu. Nimepasua mbao, nimelima, nimezaa saba. Na wajina nimewaona wengi! Kule Mgololo alikuwepo fundi mitambo wa kiwandani, sikio moja halisikii. Iringa mjini yuko mshona kanzu, babu zake walitoka pwani, aliapa jina hili ni la kwao. Mchungaji mmoja wa huku milimani akasema hapana, ni la Biblia. Sikubishana, shule yenyewe niliishia la tatu. Ilula yuko mama muuza nyanya, maana jina letu halichagui mke wala mume. Akiniona ndani ya basi ananipenyezea nyanya dirishani: "Kula, wajina, usinitie aibu!" Wote niliwaomba maji. Wote walikataa: "Mimi siye."

Ningeliacha hilo. Lakini alizaliwa mjukuu hapa Soweto, Mbeya, binti yangu akataka achukue jina langu. Nitampaje mtoto kitu cha kuazima? Nikatuma habari kwa wajina wote wamtafute yule mchimba barabara. Yule mama akampata, na aliona haya kuniambia: ndiye mzee aliyemsukia matenga ya nyanya miaka yote. Alikuwa anamwita "babu". Nani anamwuliza babu jina lake?

Mzee akaja, mkavu kama ukuni, fimbo mkononi. Nikampa kikombe cha maji, nikavua kofia, nikainama mbele yake.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri maji, baba."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Hilo jina limekudondoka mara ngapi?"

"Hata moja."

"Sasa nikuloweshe ukaugue kifua, na baridi hii ya Mbeya?" Binti yangu akaangua kicheko. Mzee akanirudishia kikombe. "Jina ni lako. Mpulizie mwenyewe."

Nikavuta funda, nikampulizia mjukuu utosini. Akapiga chafya, akalia kwa nguvu. "Libebe," nikasema.

Nilipogeuka kumkaribisha mzee kande, alikuwa ameshatoka uani, anashuka kuelekea barabarani bila kuaga. Nikamwita kwa jina letu. Hakugeuka, kama mtu aliyekwisha kulitua, na hajarudi tena.