Gari Tupu Halipimwi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mkuu wa Karakana ya halmashauri pale Mbulu, mtu mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinionyesha magunia ya mahindi yaliyoegemezwa ukutani, akasema, "Pakia." Nikayapakia kwenye gari la bwana mifugo mpaka mgongo ukaniuma. Ndipo akachuchumaa, akaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa bodi ulio juu yake, akahesabu. Kisha akaniambia niyashushe yote.

"Mkuu, si tungelipima tu likiwa tupu?" niliuliza kwa hasira.

"Gari tupu linasema uongo. Huku kwetu umemwona nani anaendesha gari tupu?"

Nikaanza kuyashusha.

Miaka ile kazi yetu ilikuwa kuinua. Gari lililokwenda Yaeda Chini lilirudi limechoka kama punda, na springi zake za nyuma, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zimenyooka. Tuliongeza bapa, likasimama. Magari yenye koili yalipozidi, yaani springi ya chuma kilichojizungusha, Mkuu alitufundisha upya. Aliichukia gesi ya kuchomelea kuliko alivyouchukia uvivu. "Ukiipasha moto koili ili ilale, umeipika," alisema. "Leo imelala, kesho imekatika, na wewe umelala kwako." Alikuwa mkali, nasi tulimsengenya sana, lakini sijapata kumheshimu bosi mwingine kama yeye.

Alistaafu akarudi Endasak kulima mahindi na maharage. Mimi nikahamishiwa Hanang, na baadaye nikaacha ajira nikafungua gereji yangu Katesh. Huko ndiko Elia, mwana wa Mkuu, alikonikuta, amekuja likizo kutoka Arusha na kigari chekundu cha michezo, milango miwili, kinanguruma kama kina ugomvi na mtu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kinaumwa nini hiki?"

"Hakiumwi. Nataka unishushie. Kikae chini, kipendeze."

Nilicheka mpaka nikakaa. Maisha yangu yote nainua magari, leo naletewa la kushusha! Lakini kazi ni kazi. Nikamweleza kwamba tutakata kipande cha koili kwa grenda, taratibu, isipate moto. Ukikata kidogo, gari linashuka na springi inakuwa ngumu zaidi. Ukikata sana, tairi likining'inia shimoni springi inalegea na kuchomoka kwenye kikalio chake, na hapo kupendeza kumekwisha.

"Lete watu watakaopanda," nikamwambia.

"Napanda mimi tu."

"Ukimkuta shangazi yako njiani kule Getanuwas na gunia la maharage, utampita?"

Akajikuna kichwa. "Basi nitamleta baba. Ni mzito, yeye peke yake anatosha."

Mkuu akaja kesho yake, amevaa koti lake zito la baridi, kofia mpaka masikioni. Alikuwa hajashuka mjini tangu kabla ya mavuno. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ileile, akaanza kukosoa nilivyopanga spana zangu. Nikafurahi sana kukosolewa.

Nilipima kwanza Elia akiwa ameketi upande wa abiria. Ni kijana mwembamba, lakini nafasi juu ya tairi ilipungua vizuri tu. Akatoka, akaingia baba yake. Elia akachuchumaa kupima, akapima tena, akaniangalia.

"Fundi, baba hajakaa vizuri."

"Nimekaa!" Mkuu akasema kutoka ndani. "Mnataka nikae mara ngapi?"

Nikaweka vidole vyangu mwenyewe. Gari lilikuwa limeshuka pungufu ya lilivyoshuka kwa kijana. Yule mtu aliyekuwa akikanyaga ubao wa lori na lori zima likainama, sasa alikuwa mwepesi kuliko mwanawe. Koti lilitudanganya sisi, springi haikudanganyika.

"Mkuu," nikasema, "fungua koti."

"Kuna baridi."

"Mkuu, gari limeshuka kwa Elia kuliko kwako."

Akafungua vifungo kimoja kimoja. Shati lilikuwa linaning'inia. Elia akageuza uso.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mahindi yalipotoa mbelewele. Nakunywa maji kama ng'ombe na kiu haiishi. Usiku kucha nakojoa tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe umepata gari, mama yako anafurahi, niseme nini? Nife kwa heshima yangu." Akajaribu kucheka. "Haya, fundi, kata springi. Usipoteze siku."

"Sikati," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumkatalia amri. Elia alifunga mlango wa upande wa baba yake, akazunguka, akawasha, wakaenda hospitali na gari likiwa juu vilevile.

Ilikuwa sukari, na ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alimwambia Elia kwamba wangechelewa kidogo wangemzika. Mkuu akaanzishiwa dawa, na mkewe akamsimamia kwenye chakula kwa ukali ambao hata karakanani hatukuuona.

Nami nimestaafu sasa. Macho hayaoni tena nyufa kwenye chuma. Vijana huniuliza siri ya kazi, nawaambia sina siri, mjue tu nani atapanda. Gari lile jekundu ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Elia alilirudisha likizo iliyofuata na baba yake ndani, nikapima, nikakata, nikafunga. Likakaa chini, likapendeza kweli.

Kosa moja: Mkuu akashindwa kutoka. Kiti kilikuwa karibu na ardhi na magoti yake ni ya kizee. Elia akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukamvuta huku akitutukana. Hatukumtoa mara ya kwanza wala ya pili. Mzee alikuwa mzito tena, na mimi nilikuwa natokwa na jasho na machozi pamoja.