Mama Kimya na msitu wa upande wa kulia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Kimya anasimama kwenye geti la hifadhi, kidole mdomoni. Wageni kumi na wawili wananyamaza. Mmoja anasafisha koo, anakatwa jicho.

"Anayetaka kukohoa akohoe sasa," ananong'ona. "Tukishaingia, ni zamu ya ndege."

Huu ni mwaka wa tisa anaongoza watu msituni na kuwatajia ndege kwa kusikia sauti tu. Wageni ndio waliompa jina hilo. Mumewe, fundi cherehani, halielewi mpaka leo.

"Waje nyumbani wakae naye jioni moja," anasema.

Leo mwisho wa msafara yupo meneja wa hifadhi, daftari mkononi. Anataka kuyafuta matembezi haya na kuwawekea wageni spika zenye sauti za ndege zilizorekodiwa. Amempa Mama Kimya asubuhi hii moja: zisikike aina kumi za ndege, la sivyo atafute kazi nyingine.

Kumbe mvua imevunja daraja la mbao mwanzoni mwa njia ya kawaida, na mafundi ndio kwanza wanalitengeneza.

"Tuanzie upande wa pili," meneja anasema. "Si tunazunguka tu? Tukirudi hapa watakuwa wamemaliza."

Mama Kimya anashika sikio lake la kushoto. Kabla ya kuja hapa alikaa miaka kumi na moja kwenye mashine ya kusaga nafaka, injini ikimpigia kelele ubavuni. Sikio la kushoto likafia huko. Ndiyo maana huzunguka kwa upande mmoja tu kila siku, msitu ukiwa kulia kwake na uzio kushoto. Wenzake walidhani ni utaratibu wa hifadhi.

"Nilijua leo nimeumbuka," anasimulia baadaye. "Nikasema, liwalo na liwe."

Anageuka, anaanza kutembea kinyumenyume. Msitu umerudi kulia.

Wageni wanatazamana. Mwalimu mstaafu aliye mbele, mtu wa kufuata maelekezo, anageuka naye. Punde msafara wote unakwenda kinyumenyume, kimya, kwa adabu. Meneja aliye mkiani anajikuta anatazamwa na watu kumi na watatu.

"Kigong'ota," Mama Kimya ananong'ona. "Tetere wawili, wamenuniana. Chozi."

Aina zinafika tisa. Geti linakaribia, na msitu umenyamaza. Meneja, aliyechoka kutazamwa, naye anageuka ili afanane na wenzake. Hatua tatu nyuma ya mgongo wake, pembeni mwa njia, lipo shimo.

Anatumbukia. Kichakani kando yake ndege anaruka, akipiga kelele za kumlaani.

"Kwale," anasema Mama Kimya. "Wa kumi huyo."

Akiwa bado anakung'uta matope, meneja anadai maelezo. Mama Kimya anamwambia yote. Meneja analitazama shimo.

"Una sikio moja na umesikia ndege kumi," anasema. "Mimi nina macho mawili na sikuliona shimo. Spika zitakaa stoo."

Sasa Mama Kimya anaweka akiba anunue kifaa cha kusikia, na amefika nusu ya bei. Anasema ana hamu kubwa ya kusikia upande ule wa kushoto, aliousahau kwa miaka mingi.

"Ila nitakivaa msituni tu," anasema, akimtupia jicho mumewe. "Kitandani huyu hulala kushoto kwangu. Anakoroma, na ndoa yetu ni nzuri."