Alifungwa kwa Swala Mmoja, Sasa Awatafutia Wageni Nyati

Saa moja asubuhi, uani mwa kampuni moja ya usasi hapa Changamwe, ramani imetandazwa juu ya boneti ya Landrova. Bwana msasi, Mzungu ambaye wafanyakazi humwita Bwana Kofia, anapitisha kidole magharibi ya reli. Pale ramani ni tupu. Haina mto, haina kilima, haina jina.

"Lewa, nyati wako wapi?"

Lewa Mwidani haitazami ramani. Anachutama, anachora mchangani kwa kijiti: korongo, kidimbwi cha maji, mteremko wa miiba.

"Wanakunywa hapa. Kusi ikishika, huhamia huku. Gari litafika hapa tu. Pengine pote ni miguu."

Bwana Kofia ananakili yote daftarini. Hasemi ahsante.

Mzee Lewa, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mfuata nyayo. Wageni wanaokuja kuwinda hawataki mnyama aliyezungushiwa ua. Wanamtaka wa pori huru, nje ya mbuga ya serikali, anayekwenda apendako. Wa kuwapatia huyo ni Lewa, kwa mshahara wa shilingi mia na kumi kwa mwezi. Tangazo la kampuni la mwaka huu wa 1962 linasema pori hilo "limegunduliwa" na Bwana Kofia.

"Kitovu changu kimezikwa pale," anasema Mzee Lewa. "Au na mimi alinigundua yeye?"

Na pori hilo hilo ndilo lililompeleka jela. Mwaka 1957 mvua zilikataa, mahindi yakakauka shambani, naye akampiga swala mmoja kwa mshale. Askari wa Bwana Nyama, yaani ofisa wa serikali anayelinda wanyama, walimkuta jioni ile ile akila na mkewe, Jumwa. Akahukumiwa miezi kumi na minane na kazi ngumu. Uta aliourithi kwa babake ulichomwa moto huku akitazama.

"Walimtia pingu, kisha wakabeba na chungu," anasema Jumwa nyumbani kwao Mikindani, sauti ikimpanda. "Chungu changu, na mchuzi ndani! Ati ushahidi. Mimi na wanangu tulilala na nini siku ile? Hakuna aliyeuliza."

Alipofunguliwa, walihamia mjini. Jumwa alipasua kokoto, mumewe akabeba magunia. Kisha, mwaka 1959, karani wa kampuni akaja mpaka mlangoni kumtafuta. Wasasi walikuwa wakirudi mikono mitupu, na wamesikia kuna mfungwa wa zamani anayelijua pori lote.

"Walinifunga kwa kulijua pori, wakaniajiri kwa kujua kule kule," anasema Mzee Lewa.

Februari iliyopita mgeni mmoja alimjeruhi nyati tumboni, kisha akarudi kambini kunywa chai. Lewa na mbeba bunduki, Mutua, walifuata damu mpaka giza likawazuia. Asubuhi walimkuta nyati amelala, bado anahema. Bwana Kofia akaitwa, akammaliza kwa risasi moja. Kilichokatwa ni kichwa tu, kwa ajili ya pembe.

Wenyeji walikuwa wamekuja na vikapu. Njaa ya ukame wa mwaka jana ilikuwa haijawaacha. Bwana Kofia akawafukuza.

"Wakionja leo, kesho watarudi na mishale," alisema.

Lewa akachomoa kisu, akakata paja zima, akamtwika mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Ukirudia, nitakurudisha ulikotoka," Bwana Kofia akamwambia. Kila mtu pale alijua anasema jela.

"Nikamjibu, 'Nirudishe, Bwana. Halafu nyayo uzifuate wewe,'" Mzee Lewa anakumbuka.

Waliporudi Changamwe, wafuata nyayo wote sita wa kampuni walikubaliana jambo moja: nyama ya kila mnyama iwe ya wenyeji wa mahali alipoanguka, la sivyo hawatoki. Kampuni ikatoka bila wao. Baada ya siku tisa gari likarudi na wageni waliobabuka kwa jua, na kanga wawili. Bwana Kofia akakubali. Kwa mdomo tu, kuandika alikataa.

Dai la Lewa mwenyewe bado halijapata jibu la haki. Anaomba kibali cha kuwinda swala mmoja kwa mwaka. Mara ya kwanza, ofisini kwa Bwana Nyama, aliambiwa fomu ni za wenye bunduki. Mara ya pili akaambiwa uta ni silaha ya kikatili. Nyati aliyekesha na risasi tumboni, hakuna aliyemtaja. Mara ya tatu akaambiwa aliyewahi kufungwa hapewi.

Mwandishi huyu alikwenda kuuliza, akajibiwa kwamba sheria ni sheria. Basi ni sheria gani hii, inayompa mgeni pembe za ukutani na kumfunga mwenyeji kwa kitoweo?

Mzee Lewa ameshaanza kuchonga uta mpya. Uhuru ukifika, anasema, atarudi ofisini mara ya nne, akae kwenye benchi mpaka aitwe kwa jina lake.

"Sitaki kujificha tena," anasema. "Nataka nitoke na uta wangu asubuhi, nirudi mchana kwa njia kuu, nyama begani. Nikikutana na askari, tuamkiane, kila mtu ashike njia yake."