Shangazi kampa mtu namba zake

Nimechoka leo, hata sauti imenikauka.

Asubuhi shangazi yangu, Bi Zuhura wa Jambiani, kapigiwa simu na mtu asiyemjua. Kaombwa zile namba za siri za Wasap zilizoingia kwenye meseji.

Akampa.

Hapo hapo Wasap yake ikatekwa, na mwizi akaanza kuwaomba watu pesa kwa jina lake.

"Kwa nini ulimpa, shangazi?"

"Kaniuliza kwa adabu, mwanangu."

Waambieni wazee wenu: namba hizo hapewi mtu, hata awe mstaarabu vipi.

Siku nzima nnawapigia jamaa kuwaonya. Rafiki wa shangazi, Bi Asha, hakushtuka.

"Nlijua si yeye. Zuhura hawezi kuniomba kitu kabla hajaniuliza hali."

Nilipomfikishia shangazi maneno hayo, ndipo alipolia.