Kadi Mpya za Kakuma

Nilikuwa katika mwaka wangu wa sita Lodwar nilipoambiwa kwamba kazi yangu imebadilika na ni lazima nifundishwe upya. Hospitali ya huko niliingia nikiwa karani wa mapokezi. Katibu wa hospitali alipopata uhamisho hakuletwa mwingine, basi nikaitwa kaimu, na ukaimu ule ukaendelea mpaka watu wakasahau kwamba ulikuwa wa muda. Dawa zikiisha naulizwa mimi. Jenereta ikikataa kuwaka naulizwa mimi. Mpishi akilewa, mimi. Wanangu wawili walikuwa kwa mama yangu huko Taita. Niliwaona mara moja kwa mwaka, na kila nilipofika walinisalimu kwa adabu, kama wanavyosalimu mgeni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kozi ilifanyika ndani ya wodi, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine kikubwa. Vitanda vilitolewa nje, vikapangwa chini ya mikoma, ile mitende ya huko, na wagonjwa wachache waliokuwamo wakalala huko huko wakisema ni afadhali, kuna upepo. Tulikuwa kama kumi hivi, makarani na wasimamizi wa zahanati kutoka pande zote, Lokichoggio mpaka Kalokol. Yule wa Kalokol alikuja na gunia la samaki wakavu, likawekwa pembeni, na siku zote kumi na mbili tulisoma katika harufu ile.

Afisa aliyetumwa kutoka Nairobi kutufundisha alikuwa mtu mpole, na viatu vyake viling'aa siku ya kwanza tu. Alianza kwa Kiingereza, alipoona nyuso zetu akahamia Kiswahili. Alisema mambo ya kumngoja mgonjwa aje, kisha kumwandika katika daftari moja kubwa, yamekwisha. Kuanzia sasa kila mgonjwa atakuwa na kadi yake yenye namba, na kadi zitapangwa sandukuni kwa utaratibu, ili msimamizi akizipitia ajue nani amekuja na nani hakuja. Alitilia mkazo wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizo tiba yao ilipita mwaka mzima, na majuma ya mwanzo walichomwa sindano kila siku. Anayeikatiza tiba, alisema, hurudi nyumbani na ugonjwa uliokwisha kuizoea dawa. Hakusema neno lisilo kweli, nami hata leo sina kosa la kumwekea.

Kutoka Kakuma alikuja mzee mmoja, dresa wa siku nyingi. Alikuwa Mturkana wa huko huko, aliyejifunza kufunga vidonda na kuchoma sindano tangu enzi za Mwingereza, na kwa miaka mingi zahanati ya Kakuma ilikuwa mikononi mwake. Alivaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jembamba. Mkononi alishika kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa kwao hukikalia mchana na kukilalia kichwa wakipumzika, na kwa kuwa mimi nilikaa nyuma ili niweze kuchomoka nikiitwa, tulikaa pamoja. Kila asubuhi aliniambia ejok, nami nikaitikia ejok, basi. Nyakati nyingine aliniuliza afisa amesema nini, nikamweleza kwa kifupi. Kwa kweli nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nasikiliza kozi kwa sikio moja na jenereta kwa la pili.

Siku ya mwisho tulipewa mtihani. Tujaze kadi ya mgonjwa wa kubuni, tupange kadi ishirini kwa utaratibu, tuandike taarifa ya mwezi. Dresa wa Kakuma aliandika jina moja akaacha nafasi nyingine tupu. Kisha aligeuza kadi, na nyuma yake akachora mistari miwili iliyopindana na kiduara katikati. Nilidhani anapoteza wakati tu, kama wanafunzi wanavyochora maua pembeni mwa vitabu.

Afisa aliondoka na gari la asubuhi. Aliniachia karatasi, moja kwa kila mwanakozi, niandike maoni yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyewajua. Nilizijaza zote jioni moja, kabla ya jua kutua. Ya dresa wa Kakuma niliandika: Hafai kutunza kumbukumbu. Haikunichukua hata dakika moja. Nikachukua iliyofuata.

Baada ya miezi kadhaa barua ikaja kwamba anastaafishwa. Siku hiyo hiyo zilifika kadi mpya, maboksi na maboksi, na Landrova ilikuwa inazipeleka Kakuma, basi nikatumwa niende na vyote viwili, kadi na barua. Nilimkuta anachoma sindano. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wakikohoa. Nilimpa barua, akaniomba ningoje, nikangoja. Alipomaliza alinikabidhi ile barua aliyokwisha kuifungua, nimsomee. Nilisoma. Akauliza nani ameandika.

"Wizara," nikasema.

Alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka mezani juu ya maboksi ya kadi. Kisha akanionyesha kwa kidevu watu waliokuwa wakiondoka, akaniuliza kesho watachomwa na nani. Nikamjibu kwamba muuguzi mpya yuko njiani. Akachukua kigoda chake akaenda.

Muuguzi aliyekuja alikuwa mwanamume wa kutoka Kisii, mwenye cheti, aliyeacha mke na mtoto mchanga nyumbani. Nimeona makarani wengi maishani, sijaona mwandiko kama wake. Taarifa zake za mwezi zilifika Lodwar zimenyooka kama mistari ya shamba la chai, nami nilizionyesha kwa wengine. Ila kadiri miezi ilivyopita, safu ya mwisho ya taarifa, ile ya wagonjwa wa kifua kikuu walioacha tiba, ilizidi kurefuka. Hakurudi. Hakurudi. Hakurudi. Nilimwandikia barua kali. Akanijibu kwa heshima kwamba anajitahidi. Nikamwandikia nyingine.

Mwishowe nilikwenda mwenyewe. Aliniwekea sanduku la kadi mbele yangu, akakaa. Nilidhani nitakuta uvivu au pombe, sikukuta lolote kati ya hayo. Alikuwa amekonda. Alinionyesha kadi tatu zenye majina matatu, akasema zote ni za mtu mmoja, amegundua kwa kovu lililo shingoni mwake.

"Mama, mimi siwatambui," akasema. "Leo ananiambia jina hili, mwezi ujao ananiambia jingine. Naye hadanganyi."

Ni kweli hakuwa akidanganya. Mwanamume wa Kiturkana ana jina alilopewa akizaliwa, na ana jina la dume lake la ng'ombe analolipenda, na yapo mengine anayoitwa na marafiki. Kadi yetu ilitaka jina la kwanza, la baba, na la ukoo, kisha kijiji. Kijiji kipi, kwa mtu anayefuata majani? Nilikuwa nimekaa Lodwar zaidi ya miaka sita na sikuwa nimewahi kulifikiri hilo hata siku moja.

Tukiwa bado tumekaa hapo, wakaletwa watu wawili, mtu na mkewe. Mke alikuwa amebebwa. Alikuwa anakohoa damu, na mumewe alikuwa ameishika kwenye shuka yake mwenyewe. Muuguzi alitafuta kadi kwa muda mrefu mpaka akaipata. Ilikuwa na sindano za majuma ya mwanzo, zote zimetiwa alama, halafu mistari mitupu mpaka chini. Mumewe alieleza, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwamba mvua ilinyesha upande wa Namoruputh, wakahama na mbuzi. Wakati wa yule mzee, alisema, watu wakihama yeye alikuwa anajua. Anatuma mtu na dawa, au anatuma neno kwamba njooni. Safari hii hakuna mtu aliyekuja, wakafikiri dawa imekwisha.

Tulimlaza nyuma ya Landrova, kichwa chake kwenye mapaja yangu; mumewe alibaki na mbuzi. Njia ya kutoka Kakuma hadi Lodwar siku zile ilikuwa mchanga na mawe, na kila tulipovuka mto mkavu nilimshika kwa mikono miwili asirushwe. Alikuwa mwepesi. Wakati mmoja alifungua macho akasema neno, nami sikujua maana yake, na dereva naye alitoka Kitale, Kiturkana hakukijua. Aliishi Lodwar siku tisa. Kadi yake niliifunga mimi mwenyewe kwa sababu ilikuwa kazi yangu kuifunga. Kwenye nafasi ya sababu niliandika kifua kikuu.

Juma lililofuata nilirudi Kakuma na lori la mahindi. Sikuwa nimetumwa. Nilimkuta dresa kando ya mto Tarach, kwenye kisima walichochimba mchangani. Alikuwa amesimama shimoni mpaka mabegani, akichota maji kwa karai na kuyamimina kwenye birika la mbao la kunyweshea, mbuzi wakigombana juu yake. Nilimngoja mpaka mbuzi wake wakanywa. Alipopanda tukakaa, yeye kwenye kigoda, mimi chini.

"Mzee, si wizara," nikasema. "Ni mimi niliyeandika kwamba hufai."

Akamsukuma mbuzi mmoja aliyekuwa akirudi majini.

"Mimi najua," akasema. "Nairobi haijui mimi. Wewe ulikaa na mimi siku kumi na mbili."

Nilimweleza habari za yule mwanamke. Alimjua, na kabla sijamaliza alinitajia mumewe, na dume la mumewe na rangi zake, na kisima wanachorudia kila kiangazi. Nikamuuliza mistari aliyochora siku ya mtihani ilikuwa nini. Akachukua kijiti akaichora tena mchangani. Ilikuwa chapa ya mifugo. Kila ukoo una chapa yake inayochomwa kwenye ngozi ya mnyama, na mtu akibadili jina mara kumi, chapa haibadiliki. Ukijua chapa, na dume, na kisima cha kiangazi, alisema, mtu hawezi kupotea. Yote hayo alikuwa akiyaweka kichwani kwa miaka ile yote. Siku ya mtihani alijaribu kuyaweka kwenye kadi, kama afisa alivyotaka.

Nilimwomba arudi. Ilinibidi nimwambie pia kwamba nafasi yake imekwisha kuchukuliwa, na kwamba nafasi pekee iliyo wazi Kakuma, ambayo kaimu katibu anaweza kuijaza bila kuuliza mtu, ni ya mfagizi. Nilisema hivyo nikiangalia chini.

"Mfagizi anavaa koti?" akauliza.

"Havai."

Akakubali kwa sharti moja, kwamba yule muuguzi aje amwombe mwenyewe. Muuguzi alikuja jioni ile ile kwa miguu, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayechumbia. Niliwaacha hapo.

Basi ikawa hivyo. Kwenye karatasi zangu alikuwa mfagizi, na ufagio hakuushika hata siku moja. Muuguzi alifagia mwenyewe kabla watu hawajafika. Mzee alikaa mlangoni na shuka yake. Mgonjwa akiingia walisalimiana, salamu ndefu za kwao, na zilipokwisha alikuwa amekwisha kujua mvua imenyesha wapi na nani anahama lini. Muuguzi aligeuza kadi akachora alivyoelekezwa: chapa, pembe za dume, kisima. Mwandiko wake mzuri ukawa na michoro mizuri. Anayetaka kuhama aliitwa mapema akapewa dawa za safari, na mtu wa kumkumbusha. Wengi walirudi. Si wote. Wengine walikuwa wamekwenda mbali mno, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na wengine tulipata habari zao kupitia jamaa waliokuja kutuambia tusiwangoje.

Afisa wa Nairobi alikuja kukagua mwaka uliofuata. Aligeuza kadi, akageuza nyingine, akaniuliza ni mchezo gani huu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na nilimweleza pia nilichoandika kwenye ile karatasi yake, na kuhusu yule mwanamke. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzuri, nimesema. Alinakili michoro kwenye daftari lake, akasema atalifikisha kwa wanaohusika, kisha akaniambia kwamba nimepangiwa kufundisha kozi ijayo, Kitale.

Kadi za toleo jipya zilifika kabla ya kozi hiyo. Zilikuwa nzuri kuliko za kwanza, karatasi ngumu, zimepigwa chapa pande zote mbili. Nyuma palijaa visanduku vya chanjo. Nilizigeuza nyingi nikitafuta mahali patupu, hapakuwa na mahali. Niliandika barua, sikujibiwa. Nikaenda Kitale nikawafundisha watu namna ya kuzijaza. Mchana, wakati wa chai, niliwaambia wale waliotoka kwa wafugaji habari za chapa na visima. Wawili waliandika. Wengine walikuwa wamechoka, nami sikuwalaumu. Kakuma waliendelea kwa kubandika vipande vya karatasi kwa gundi ya unga.

Uhamisho wangu ulikuja karibu na mwisho wa miaka ile ya sabini, niende Voi, karibu na wanangu, ambao walikuwa wamekwisha kuwa warefu kunipita. Nilipanda Kakuma kuaga. Mzee alikuwa ameniwekea beberu mweupe, zawadi. Nikamwambia sitaweza kusafiri naye, Lodwar mpaka Kitale, Kitale mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Voi. Alilifikiri hilo, akamgeukia muuguzi, wakasema kidogo kwa Kiturkana, maana muuguzi alikuwa amekwisha kukijua. Beberu akachinjwa hapo hapo nyuma ya zahanati, na foleni yote ikasogea kivulini kungoja nyama ichomeke. Mimi nililala usingizi nikiwa nimeketi, nikaamshwa nipewe ini.