Matundu Yaliyoachwa Yamefumba

Mimi na mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi, tunashonea katika chumba kimoja hapa mtaa wa Bertrams. Tuna sheria yetu: anayetoboa matundu ya vifungo ndiye anayejibu kwa mteja. Tundu likishatobolewa, kitambaa hakirudi.

Mama mmoja wa mavazi ya maigizo alitaka koti la kiume la karne ya kumi na nane. Likimkaa mwigizaji, makoti yote ya mchezo ni yetu. Likiharibika, anakwenda kwa fundi mwingine. Siku aliyoleta kitambaa na picha nilikuwa mtaa wa Turffontein, nimepeleka suruali. Walichozungumza nakijua kwa kinywa cha mwenzangu tu.

Nilikata mimi, nikifuata picha: mgongo mwembamba kama wa mtoto, makwapa yamepanda juu, mikono imepinda, marinda mazito nyuma ya mapaja. Moyo ulikataa, lakini nikakata. Yeye akatia bitana kwa mkono, akazungushia uzi wa hariri mahali pa matundu, safu nzima toka shingoni hadi kiunoni. Kazi safi, siwezi kumnyima haki yake. Ila hakutoboa hata moja.

"Kaka, mbona umeyaacha yamefumba?"

"Acha vile. Kesho mama atakuya."

"Au umeona mgongo umekosewa, unataka nijibu mimi?"

Akacheka. "Eish, vieux, mzee wangu! Unanichunga kama mlinzi wa matajiri wa Sandton!"

Sikucheka. Pengine nilikuwa namwonea. Shule yangu ndogo, na picha ile huenda niliisoma vibaya. Lakini mtu asiye na neno si hujibu swali?

Kesho yake mwigizaji akalivaa. Mgongo ukamvuta, mabega yakaenda nyuma, kifua kikatoka kama cha jogoo. Mbele, kifuani, hapakukutana. Nikasema moyoni, basi. Mwenzangu alikuwa anaangalia dirishani.

Mama akalizunguka, akasema ndivyo walivyosimama mabwana wa wakati ule. Matundu ya juu yabaki hivyohivyo, ni pambo. Yatobolewe ya kiunoni tu.

"Ulijua?" nikamwuliza mwenzangu kwa Kiswahili, mama asielewe.

"Ya juu nilijua. Aliniambia."

"Na ya kiunoni?"

"Ni koti yako, vieux. Ni wewe ulikata." Akanipa mkasi.

Heshima au mtego, sikuweza kujua, na mama alikuwa anasubiri. Nikaingiza ncha katikati ya hariri yake, nikakata polepole, nisiguse uzi hata mmoja. Vifungo vikapita.

Mama akauliza makoti mengine tutayaanza lini. Nikamwomba kwanza atueleze picha upya, sote wawili tukiwepo.